Chai Thelathini na Moja, Ghorofa ya Kwanza

Kampuni ilikuwa na ugonjwa wake: haikupenda kabisa kuona wapeleka chakula wake watatu wamesimama mahali pamoja. Wawili, sawa. Wakifika watatu tu, simu zao zinalia kwa mpigo, na maandishi mekundu yanatokea kwenye kioo: "Tafadhali sogea eneo lenye wateja." Hata kama eneo lenye wateja ndiyo hapo hapo waliposimama! Ukikaidi dakika tano, unashushwa mpaka mwisho wa foleni, na siku hiyo utazunguka mji na boksi tupu mgongoni mpaka uwachukie hata wanaokusalimia. Sasa nyie niambieni, watu wa namna hiyo wataanzishaje chama?

Breki alikuwa amejaribu mara mbili. Mara ya kwanza aliwaita nyuma ya mkahawa mmoja, pale kwenye mapipa ya taka, mahali ambapo hata paka huwa hapitii mara mbili. Walifika watu kumi na mmoja kwa pamoja. Hata wa kwanza hajamaliza kuvua helmeti, simu zikalia zote, na jamaa wakatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Mara ya pili akawaambia wazime simu. Wakazima. Wiki nzima iliyofuata hawakupata oda ya maana, na wawili kati yao wakala yamini kwamba hawatamsikiliza tena mwanamke yule hata akiwaambia nyumba inaungua.

Jina Breki alipewa na wenzake kwa sababu ya pikipiki. Ilikuwa ya mumewe, imechoka, na kila ikisimama inapiga yowe ambalo mteja wa ghorofa ya nne analisikia kabla simu yake haijaita. Mumewe aliiendesha miaka mitatu, mpaka mwaka jana gari lilipomgonga kwenye makutano na kumvunja mguu mahali pawili. Kabla plasta haijakauka, kampuni ikawa imeshaifunga akaunti yake. Breki hakulia. Alilia kidogo. Kisha akaenda kwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye ni msimamizi wa eneo katika kampuni hiyo hiyo, akamwambia, "Nipe kazi ya mdogo wako." Shemeji akampa, huku akimkumbusha kila Jumapili mezani kwamba amempa.

Kwa hiyo mkate wa nyumba ile ulikuwa juu ya magurudumu mawili. Mume mguu juu ya mto, watoto wawili shuleni, mama mkwe chumba cha pili. Na sasa Breki alikuwa na barua. Barua yenyewe ilikuwa na adabu zake zote: kampuni inathamini mchango wako, kampuni imesikia kwamba unahamasisha wenzako, na kampuni itaangalia upya ushirikiano wake nawe siku ya Jumatatu. Kila mtu kazini alijua maana ya kuangaliwa upya. Hakuna aliyewahi kuangaliwa upya akabaki.

Dawa ilikuwepo, tena ya kisheria. Afisa wa kazi, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimweleza Breki polepole kama anayemsomea mtoto. Chama kikishasajiliwa, hakuna mwanachama mwanzilishi anayeweza kufukuzwa kwa sababu ya chama hicho. Lakini ili kisajiliwe wanatakiwa watu thelathini wanaopeleka chakula cha kampuni ile, waje mbele yake, siku moja, chumba kimoja, watie sahihi, wamchague mwenyekiti mmoja. Maombi aliyokwisha kuyawasilisha Breki yalikuwa yanafikia ukomo Ijumaa saa kumi kamili jioni.

"Ikipita saa kumi?" Breki aliuliza.

"Mtaanza upya, binti yangu. Miezi mitatu."

Miezi mitatu! Na Jumatatu je?

Alirudi nyumbani kichwa kinamgonga. Mama mkwe alikuwa kitandani na lundo la nguo za watoto, anakunja. Mama huyu, nawaambia, ni mtu ambaye kama angezaliwa mwanajeshi saa hizi tungekuwa tunampigia saluti. Alimtazama mkwewe akivua viatu, akamwacha akae, ndipo akauliza.

"Hiyo simu yenu inawapeleka wapi?"

"Inapotoka oda, Mama."

"Yaani mtu akiagiza, lazima mwende?"

"Lazima. Ukikataa tatu kwa siku, umekwisha."

Mama akakunja soksi. "Na wakiagiza watu thelathini, nyumba moja, saa moja?"

Breki alibaki na kiatu mkononi. Mumewe, aliyekuwa anajifanya amelala, akafumbua jicho moja. Kisha wote watatu wakaanza kucheka, kicheko cha kushika mbavu, mpaka mpangaji wa chumba cha jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Akaambiwa. Akaingia naye kwenye njama.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba kumi na vinne, na kila chumba simu mbili au tatu. Ijumaa saa nane na nusu mchana, Mama alisimama uani akapiga makofi, na wapangaji wakabonyeza. Oda thelathini na moja. Zote chai ya rangi, kikombe kimoja kimoja, kitu rahisi kuliko vyote kwenye orodha, walichochangiana wote. Zote kwenda Ofisi ya Kazi, ghorofa ya kwanza, chumba cha mikutano. Ile moja ya ziada Mama aliiongeza mwenyewe. Alisema yeye hapiki chakula cha kutosha watu wote bila kuweka sahani ya mgeni.

Kisha Mama akachukua daftari la mjukuu wake, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda Ofisi ya Kazi kupokea chai zake.

Daftari hilo ndilo lilikuwa silaha. Kila oda ina namba zake nne za siri, na mteja ndiye humtajia mpeleka chakula ili afunge kazi. Asipotajiwa, simu inahesabu kwamba bado yuko mlangoni kwa mteja, haimsumbui, haimwiti kwingine, wala haimwambii asogee. Wapangaji walimwachia Mama namba zao zote thelathini na moja. Mama akaketi mlangoni mwa chumba cha mikutano, daftari kifuani, na hakuna aliyepata namba.

"Mama, namba tafadhali, chai inapoa," alisema kijana wa kwanza, mmoja wa wale wawili waliokula yamini. Hakuwa na habari kaitiwa nini.

"Ingia ndani ukae. Natafuta miwani."

"Miwani umeivaa, Mama."

"Hii ni ya mbali."

Akaingia. Ndani akamkuta Breki, akageuka atoke, mlangoni akamkuta Mama. Akafikiri. Akaketi.

Walizidi kuja. Ngazi zilijaa viatu na harufu ya majani ya chai. Wengine walikuwa wameambiwa mapema wazunguke karibu, wakaingia wanacheka. Wengine hawakuwa wamesikia lolote, wakaingia wanashangaa, na kila aliyeingia wenzake walimshangilia kama bwana harusi. Simu zao kimya! Watu ishirini na tisa chumba kimoja, na hakuna simu hata moja iliyofoka. Kampuni yenyewe ilikuwa imewatuma, na bado inawahesabia muda wa kumsubiri mteja. Kuna mzee mmoja alitazama kioo cha simu yake, akawatazama wenzake, akasema, "Jamani, sijawahi kuwaona nyuso bila helmeti." Na ilikuwa kweli. Walijuana kwa migongo.

Afisa aliingia na rejista yake, akajitia kutoshangazwa na vikombe vilivyopangwa dirishani. Mmoja mmoja wakatia sahihi. Yule wa yamini naye akatia, baada ya kunong'onezana na jirani yake. Afisa akahesabu kwa kidole.

"Ishirini na tisa."

"Wa thelathini yuko njiani," Breki akasema. Ndipo simu yake ikatetemeka: mwenzao tairi limempasukia, yuko mbali, anasukuma. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika kumi. Breki akaufuta uso kwa kiganja. "Tuendelee na uchaguzi, afisa, wakati tunamsubiri."

Wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza Breki. Wa pili Profesa, mwalimu wa zamani wa jiografia, ambaye anabishana na ramani ya simu kwa sauti barabarani na mara nyingi anashinda. Wa tatu aliitwa Kimya, na hakuna aliyejua nani alimpendekeza, kwa sababu yeye mwenyewe asingeweza. Kimya hupokea chakula kwa kuinua kidole na kukabidhi kwa kuinua kingine.

"Mtapiga kura vipi?" afisa akauliza. "Mimi sina shida, ila iwe siri na itoke hesabu."

Profesa akadakia: watoe nyota! Kila mtu humu anazijua nyota, wateja huwapa kila siku. Kila mgombea apewe moja hadi tano, zijumlishwe, mwenye nyingi ndiye. Wote wakaitikia kwa shangwe, afisa akaandika utaratibu huo kwenye kumbukumbu, akapiga mstari chini yake. Msicheke, ngojeni kwanza.

Karatasi zikagawiwa, zikakunjwa, zikatiwa kwenye helmeti ya Profesa. Afisa akazifungua, akajumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, akavua miwani.

"Breki, mia moja arobaini na tano. Profesa, mia moja arobaini na tano. Kimya, mia moja arobaini na tano."

"Aa! Haiwezekani."

"Kila mmoja amempa kila mmoja tano," afisa akasema. "Hata nyinyi wagombea. Mmepeana."

Afisa akawakemea kidogo, akasema kura maana yake ni kuchagua, si kupongezana, rudieni. Wakarudia. Safari hii watu walikaa na kalamu muda mrefu, wengine wakatazama dari, mmoja akatoa jasho. Helmeti ikazunguka. Mia moja arobaini na tano, mia moja arobaini na tano, mia moja arobaini na tano.

"Jamani, hebu mmoja ampunguzie mtu!" Breki akapiga kelele. "Nipunguzieni mimi! Nipeni moja, sitawanunia."

"Siwezi, dada," alisema yule wa yamini. Alisema kweli, hakuwa anatania. "Nilianza kuandika nne, mkono ukakataa. Mimi nilipewa tatu siku ya mvua, na chakula kilifika cha moto. Nilikaa nje ya kazi wiki nzima."

Mwingine akasema yeye alipewa nyota mbili na mteja aliyeandika chini yake "kijana mwema sana, Mungu ambariki", alidhani mbili zinatosha. Na kila mtu alikuwa na hadithi yake. Ya mbwa wa mteja. Ya lifti mbovu. Ya sura. Breki alisikiliza, hasira ikamwisha, kwa sababu yeye naye, mara zote mbili, alikuwa amewapa wenzake tano, na hata sasa akishika kalamu asingeweza kuandika nne.

"Basi waandike jina moja tu," Mama akashauri kutoka mlangoni.

"Utaratibu umeshaandikwa," afisa akasema, akigonga ule mstari wake. "Kuubadili ni taarifa ya siku kumi na nne."

Saa kumi kasoro dakika ishirini. Ishirini na tisa, wanatakiwa thelathini. Wenyeviti watatu, anatakiwa mmoja. Breki alitazama ukuta na kuanza kufikiria Jumatatu, ataamkaje, atamwambia nini mwenye duka, viatu vya shule vya mdogo vitatoka wapi.

Ngazi zikapiga kelele za viatu vizito, na mlangoni akasimama Shemeji.

Alikuwa na koti la kampuni, jasho limemtiririka, na mkononi kikombe cha chai. Ndiyo, Shemeji mwenyewe. Sheria ya kampuni ni kwamba eneo likizidiwa na oda, msimamizi naye anabeba, na eneo lile siku ile lilikuwa limezidiwa na oda za majirani wa mama yake mzazi. Kule kazini wanamwita Bwana Kasoro, maana kila Ijumaa ndiye huwapa nyota wapeleka chakula kwa usafi na lugha, na hajawahi kumpa binadamu yeyote zaidi ya nne. Kwenye harusi ya Breki alimshika mkono bibi harusi, akasema sherehe imependeza, ila viti vimepinda.

"Nilijua," akasema akihema. "Chai thelathini jengo moja, nikajua kuna mtu." Kisha akamwona aliyeketi mlangoni. "Mama?"

"Umechelewa na chai yangu," Mama akasema. "Ingia."

Akaingia, kwa sababu hata msimamizi ana mama. Akawatazama watu wake ishirini na tisa, mmoja mmoja, kama anayewaandika kichwani. Wengine wakatazama sakafu. Mwisho akamfikia Breki.

Hapo Breki akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la utukutu mtupu. Alimjua shemeji yake. Angeweza kuzuiwa kula, kulala, hata kusema. Lakini hakuna aliyewahi kumzuia kumkosoa mtu.

"Shemeji, karibu," akasema kwa sauti tamu. "Ila tuache kidogo, tunapiga kura. Niko mbioni kuwa mwenyekiti."

"Wewe? Mwenyekiti?"

"Mimi. Tumefungana watatu. Ingekuwepo kura moja tu ya mtu asiyenipenda, ningeanguka chini pu! Bahati nzuri humu hayupo."

"Kura moja?"

"Moja tu. Lakini wewe huwezi, Shemeji. Wanapiga waliotia sahihi, waliobeba chakula leo. Wewe ni mtu wa ofisi."

"Mtu wa ofisi!" Shemeji akainua kile kikombe kama ushahidi mahakamani. "Hii nini? Hii nimebeba nini? Na kabla ya hii nimebeba sita! Lete hiyo karatasi."

Watu walikuwa wameacha kupumua. Profesa aliuma ncha ya kofia yake. Afisa, mtu wa haki, akaisogeza rejista bila kuinua macho, na Shemeji akatia sahihi kwa mbwembwe, na mkia mrefu mwishoni. Akapewa karatasi ya kura. Yeye hakutazama dari. Aliandika kama anavyoandika kila Ijumaa, mkono unajua njia. Afisa akasema helmeti ni moja na kura zote zirudiwe, na wale ishirini na tisa wakarudia kwa mara ya tatu, tano, tano, tano.

"Breki, mia moja arobaini na sita," afisa akasoma. Maana yake moja. "Profesa, mia moja arobaini na nane." Maana yake tatu, kwa ule ubishi wa ramani. "Kimya, mia moja na hamsini."

Shemeji, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa amempa mtu tano. Kimya ndiye pekee ambaye hakuwahi kumjibu.

"Mwenyekiti ni Kimya," afisa akatangaza. "Breki na Profesa watakuwa makamu na katibu. Na wanachama waanzilishi ni thelathini kamili."

Shemeji alikuwa anatabasamu. Tabasamu likabaki pale lilipo, ila macho yakahama. "Thelathini wa nini?"

Akaishika rejista, akasoma maneno ya juu ya sahihi, yale aliyoyaruka, kisha akashuka na kidole mpaka chini kabisa, kwenye namba thelathini, kwenye ule mkia mrefu.

"Futa," akasema.

"Hakifutwi kitu," afisa akasema. "Ila mwanachama ana haki ya kujitoa. Fomu hii hapa. Jina, sababu, sahihi. Ukiileta kabla ya saa kumi, watabaki ishirini na tisa, na mimi sitagonga muhuri."

Saa ilikuwa kumi kasoro dakika nane. Shemeji akaichukua fomu, akavuta kiti, akafungua kalamu. Breki alisimama mbele yake. Utukutu wote ulikuwa umemtoka, aliona aibu, na akaona hakuna chenga nyingine ya kupiga.

"Shemeji, nimekuchezea. Sijivunii. Nilikuwa nahitaji mtu wa thelathini na nikakutega kwa jambo unalolipenda. Lakini ukijaza hiyo, Jumatatu sina kazi, na mdogo wako na watoto wanakula kwa pikipiki ile. Sina zaidi ya hilo."

"Na mimi je?" Shemeji akasema. "Wakiliona jina langu humu? Mimi sina watoto?"

"Unao. Ndiyo maana nakwambia ukweli."

Shemeji akaandika kwenye hewa, kalamu bado haijagusa karatasi. "Hapa wameandika sababu."

"Eleza sababu," afisa akasema.

"Sababu! Mnadhani nina moja?" Akawageukia wote, kama anayewafokea kazini. "Mnadhani hizo nyota napenda kuzitoa? Kila Jumatatu natakiwa niwe na majina kumi ya kufungiwa. Kumi! Nikipeleka tisa, la kumi ni langu. Mimi nina nyota tatu na robo, mnajua hilo? Kuna mtu juu yangu hajawahi kuniona uso, ananipa nyota. Simu inaita nikiwa naoga. Nimewahi kushusha mtu na povu machoni."

Mtu akacheka nyuma, akajizuia. Shemeji hakusikia.

"Likizo, mwaka wa tatu. Mwanangu ananiita jina la kazini. Siku aliyogongwa mdogo wangu," akasema, na sauti ikashuka, "simu iliita nikiwa kwenye benchi la hospitali. Mama ulikuwa ndani umemshika mkono. Wakasema akaunti isiyotembea ifungwe. Nikaomba wiki mbili. Wakanipa dakika kumi. Nikaifunga hapo hapo kwenye benchi, halafu nikaingia ndani nikamwambia pole."

Breki alikuwa hajui. Miezi kumi na minne walikuwa wakilaani kampuni, ofisi, kompyuta, na Shemeji mezani anaitikia. Alitaka kumkasirikia, akajaribu, akaona mtu mzima aliyeomba wiki mbili akapewa dakika kumi. Mama alinyanyua kiti chake mlangoni, akakileta, akakiweka karibu na cha mwanawe, akaketi.

"Endelea," Profesa akasema taratibu.

Akaendelea, na alikuwa na mengi. Koti lisilopitisha hewa. Mikutano ya simu saa ya chakula. Ramani inayompeleka mtu kwenye mto. Kila akimaliza moja alitazama saa ya ukutani kwa pembe ya jicho, akaanza nyingine, na Breki akashindwa kujua kama amesahau fomu au anaikumbuka vizuri sana.

"Saa kumi," afisa akasema.

Shemeji akaitazama karatasi iliyo mbele yake. Hakukuwa na hata herufi moja. "Ala," akasema. "Muda umekwisha? Hata jina sijaandika." Akafunga kalamu, akairudisha mfukoni bila haraka.

Muhuri ukagongwa, na hakuna aliyeshangilia, walikuwa wanamtazama yeye. Akakohoa, akavuta koti lake la kampuni likae sawa, akamgeukia Profesa.

"Umeyaandika hayo malalamiko?"

"Tangu la kwanza."

"Na la kuoga?"

"Nalo."

Profesa akalipeleka daftari lake kwa mwenyekiti mpya. Kimya akasoma ukurasa mzima, akafikiri, akainua kidole kimoja. Kisha, mbele ya watu ishirini na tisa ambao hawakuwahi kuisikia sauti yake, akafungua mdomo.

"Tunaanza na la msimamizi," akasema.